Usirekodi safari ya pikipiki kwa fremu 24: jibu kwa anayeshuka Mai Mahiu Jumamosi

Usiguse 24, yaani picha (fremu) 24 kila sekunde. Kama kamera umeshaipanga, itoe huko sasa hivi, halafu rudi usome.

Kwa waliochelewa kuingia: mwenzetu anatoka Westlands Jumamosi asubuhi, anafuata Waiyaki Way hadi Rironi, anashuka Mai Mahiu, anaingia Naivasha, jioni anarudi. Kamera imekaa kwenye kidevu cha helmeti. Anauliza achague fremu 24, 30 au 60 kwa sekunde, na anunue memori kadi gani. Kichujio cha ND32, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, ameshanunua, na moyo wake uko kwenye 24 kwa sababu ameambiwa ndiyo yenye sura ya sinema.

Kosa hilo nimelifanya mimi, hivyo hivyo, mpaka kichujio. Hakuna programu iliyookoa hata dakika moja.

Sinema ilikaa kwenye 24 mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ilipoanza kuwekwa kwenye ukanda wa filamu. Ukanda ulilazimika kupita kwa mwendo mmoja usioyumba, na 24 ilitosha kwa sauti bila kula filamu nyingi. Wapiga picha wa sinema wakajifunza kuishi nayo: kamera wanaigeuza polepole, na kinachokimbia wanakifuata kwa jicho la lenzi ili kitulie katikati. Wewe kamera yako iko kichwani. Kichwa cha mtu aliye barabarani hakigeuki polepole na hakifai kugeuka polepole. Unatupa jicho kwenye kioo, unachungulia juu ya bega, unaikagua matatu inayotaka kukuchomekea pale Kangemi.

Hebu tupige hesabu ya kuchungulia bega. Kichwa kinageuka nyuzi 90 kwa nusu sekunde. Kwa fremu 24, kati ya picha moja na inayofuata kimezunguka nyuzi 7.5. Picha ya 4K ina pikseli (nukta za picha) 3,840 kwa upana, na lenzi pana ya kamera hizi inaona takriban nyuzi 120, yaani pikseli 32 kwa kila nyuzi. Kwa hiyo dunia nzima inaruka pikseli 240 kila fremu. Jicho la mtazamaji halioni mgeuko, linaona vipande vinavyorukaruka. Kwa fremu 50 mruko ni pikseli 115, na hapo jicho linaweza kuunganisha.

Barabarani ni vilevile. Ukiwa kwenye 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Kwa 24, kila fremu inakukuta sentimita 93 mbele ya iliyotangulia; kwa 50 ni sentimita 44. Vyuma vya pembeni kwenye mteremko, mistari ya katikati, vibanda vya ngozi za kondoo pale juu, vyote vitapita vikigugumia.

Sasa ongeza kichujio. Nina hasira na hawa walimu wa video wanaokariri kwamba shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie kwa kila fremu, iwe mara mbili ya fremu, ukiwa kwenye 24 funga kwenye 1/48 ya sekunde, halafu mfano wanaotoa ni mtu anayetembea ufukweni na kamera imesimama kwenye miguu mitatu. Hiyo kanuni ina mahali pake. Mahali pake si kwenye helmeti. Na aliyekuuzia ND32 akijua ni ya pikipiki amekukosea, mwambie akubadilishie na ND8, isiyo nyeusi hivyo.

Sababu ni hii. Kamera yako ina ile programu ya kutuliza mtikisiko. Kazi yake ni kusogeza picha nzima kinyume na mtikisiko, fremu kwa fremu. Inaweza kurudisha picha mahali pake, lakini haiwezi kufuta ukungu ulioingia ndani ya fremu wakati shata iko wazi. Shata ya 1/48 inakaa wazi muda mrefu. Ukipita juu ya tuta, picha inapakaa kisha inatulizwa ikiwa imepakaa. Utakachokiona ni hiki: saa ya mwendo na wenzo wa breki vimekaa palepale, havitikisiki, lakini kila shimo likipita vinafifia na kurudi, vinafifia na kurudi, kama unatazama kupitia kioo kinachotokwa jasho. Barabara imetulia na haisomeki. Namba za magari ndiyo usahau kabisa, na siku gari likikugonga namba ndiyo kitu cha kwanza utakachohitaji.

Ndiyo maana nasema rekodi kwa 50 kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Fremu unaweza kuzitupa, huwezi kuzizua. Mkanda wa 50 ukitaka uwe wa 25, programu ya kuhariri inaruka fremu moja na kuchukua inayofuata, basi. Mkanda wa 24 ukitaka uwe wa 50, programu inabahatisha picha ambazo kamera haikuziona, na inakosea palepale penye mwendo: spoki zinayeyuka, nguzo za umeme zinapinda, nyaya zinakatika hewani.

Mbona 50 na si 60? Kwa sababu ya stima yetu. Umeme wa Kenya ni 50Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), na taa zinazoufuata huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. 100 inagawanyika kwa 50 na kwa 25 bila baki, kwa hiyo kila fremu inaikuta taa katika hali ileile. Kwa 60 haigawanyiki, na video inapepesa. Kwa 30 inapepesa polepole zaidi, ndiyo inaudhi kuliko zote. Nairobi jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, na giza halibembelezi. Ukirudi kutoka Naivasha utaingia Waiyaki Way taa zimewaka. Kuna taa ambazo hata 50 haitaziponya, zile za LED za nyuma za magari na mabango ya matangazo, maana zinakatwa kwa mwendo wao wenyewe. Hizo vumilia. Kama ungekuwa unarekodi mchana tu na watazamaji wako wote wako kwenye simu, ningekuachia 60, kwa sababu skrini nyingi za simu ni 60Hz au 120Hz. Lakini usichanganye 50 asubuhi na 60 mchana katika video moja, utakuja kulia kwenye kuhariri.

Huenda 50 usiione kwenye menyu. Kamera nyingi zilizotoka Marekani huja zimepangwa 60Hz, na zinaonyesha 24, 30, 60 na 120. Ingia kwenye sehemu ya kuzuia taa kumeta, weka 50Hz, na 25, 50 na 100 zitajitokeza. Ukiwa humo humo, kama kuna mpangilio wa giza unaopunguza fremu wenyewe jua likizama, uzime.

Shata: mchana iache kati ya 1/200 na 1/400. Jua la saa sita, lenzi ya f/2.8 (upana wa tundu la mwanga) na ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), kamera inataka kama 1/3200. ND8 inaishusha hadi 1/400, na hapo barabara inapata mtiririko kidogo bila kuua namba za magari. ND32 ingekushusha hadi 1/100, halafu ukiingia kwenye kivuli cha miti ya Kijabe au ukungu wa asubuhi, kamera inakosa mwanga, inapandisha ISO, na picha inajaa chenga. Ukisita, toa kichujio kabisa. Picha kali kupita kiasi inatazamika. Usiku toa kichujio, shata 1/50, ISO isizidi 1600.

Kadi: kama kamera inaandika 4K ya 50 kwa megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 128 haifiki saa tatu. Chukua yenye alama ya V30, inayohakikisha megabaiti 30 kwa sekunde, nawe unahitaji 12.5 tu. Ijaze yote nyumbani kwanza, kisha ufungue faili la mwisho, maana kadi bandia hujulikana zikijaa.

Joto nalo: kamera hupozwa na upepo. Ukikwama kwenye foleni zima kurekodi, la sivyo itajizima yenyewe. Ikiendelea kuchemka, shuka kutoka 4K hadi 2.7K au 1080. Punguza ukubwa wa picha, fremu usiziguse.

Ijumaa usiku jaribu hivi: vaa helmeti ndani ya nyumba chini ya taa ya mrija, kamera kwenye 50, geuza kichwa haraka kushoto na kulia mara tano, kisha simama utazame ukuta sekunde kumi. Cheza kwenye skrini kubwa, si kwenye simu. Ukiona mistari ya giza inapanda au kushuka ukutani, bado uko kwenye 60Hz, rudi kwenye menyu.