Kwa Zuhura, kuhusu kupima

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Hatujambo, mama yako kikohozi kimemwachia. Umeniuliza kama ukapime jeni ya Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kwa vile bibi yako aliishia vile. Kwanza ukijue unachokiogopa. Ualimu wa baiolojia haujanitoka.

Ile ya kurithi waziwazi ni nyingine. Kule Antioquia, Kolombia, Daktari Francisco Lopera alifuatilia koo zenye hitilafu katika jeni ya PSEN1, na wenye nayo huanza kupotewa na kumbukumbu wakiwa na miaka 40 na kitu. Wagonjwa wa kurithi hivyo hawafiki hata 1 katika 100. Bibi yako alianza akiwa amepita 75. Nasema kila siku: damu si hukumu.

Sasa shangazi yako ndiye anayetangaza kwamba ni ya ukoo wetu. Yeye! Ile siku ya bangili wewe ulikuwa bweni. Bibi kasema kaibiwa, kikao kikaitwa, na nani aliyetamka mbele ya watu kwamba mama yako kamroga mkwewe? Mama yako kasimama mlangoni, hajibu neno. Bangili zikaja kuonekana ndani ya debe la mchele. Radhi hajaombwa mpaka leo, na kila Idi tunakula nao sinia moja. Labda nawaonea, hawakuujua ugonjwa. Lakini asiyejua si anyamaze?

Tuyaache. Ukiutoa maji, ubongo karibu nusu yake ni mafuta. Daktari Alzheimer mwenyewe, ambaye ugonjwa umepewa jina lake, aliona mafuta yamejazana katika seli za mgonjwa wake wa Frankfurt, akaandika mwaka 1907. Waliofuata wakashughulika na madoa ya protini, mafuta wakayaweka kando. Mwaka 1993 ndipo ikaonekana kwamba APOE, protini inayobeba kolesteroli ubongoni, ikiwa ya aina ya 4 huongeza hatari kwa wanaougua uzeeni. Huongeza tu. Tena Ibadan, Nigeria, watafiti waliowafuatilia wazee wa Kiyoruba mwanzoni hawakuuona uzito huo.

Yuko pia mama mmoja wa koo zile za Kolombia, habari zake zilitoka 2019. Alikuwa na PSEN1 mbovu, lakini akili ikakaa mpaka miaka ya 70, kwa kuwa APOE yake ilikuwa na badiliko la nadra. Mbeba mafuta yuleyule! Damu si hukumu. Najua utasema: Baba, hata kilichomkinga ni cha damu. Kweli, hapo umenishika.

Upime, usipime? Wewe mtu mzima, una mumeo, shaurianeni. Ingekuwa mimi… hapana, sisemi. Ila dawa ya kuifuta hiyo jeni ya APOE ya aina ya 4 haipo, hilo lazima nilitaje. Na ukipima, majibu yasifike kwa shangazi yako.

Baba yako