Matairi ya Subaru Impreza, saizi 205/55R16, bila kufilisika
Chukua Kumho Ecsta au Hankook Ventus mapya, yote manne kwa mpigo. Ni ya Korea, yanashika vizuri lami ikiwa na maji, na kwa kawaida bei yake iko chini ya Michelin. Usibadilishe mawili ya mbele tu. Impreza nyingi zinavuta miguu yote minne, na tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililoisha kashata (meno ya tairi), kwa hiyo difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inahangaika muda wote hata ukiwa umenyoosha njia. Mimi hilo nimelijua kwa bili ya fundi.

Ubavuni pawe na 91V (kilo 615 kwa tairi, kilomita 240 kwa saa) au zaidi. Kisha angalia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT hapo ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mtumba wa 2015 uache hapo hapo hata kashata ikiwa nene, mpira ulishakauka. Mfuko ukigoma, bora ya Kichina mapya yenye alama hizo, ila kona uingie taratibu.