Mtaro ulioziba hauanzii kwa meya

Ndugu yangu, umeuliza kama barua kuhusu mtaro ulioziba mtaani kwenu Tanga iende moja kwa moja kwa Mstahiki Meya. Nadhani utapoteza muda, kwa kuwa meya huongoza vikao vya Baraza la Madiwani, ilhali utendaji wa kila siku uko mikononi mwa mkurugenzi na wakuu wa idara zake. Anzia kwa Mwenyekiti wa Mtaa, uhakikishe jambo hilo limeandikwa katika muhtasari wa mkutano, kisha nakala ifikishwe kwa Mtendaji wa Kata, ambaye ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani wenu. Bila muhtasari uliotiwa saini na kugongwa mhuri, diwani atasimama barazani mikono mitupu. Zingatia pia kwamba tangu 2017 barabara za mitaa, pamoja na mitaro yake, zimekuwa chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hivyo taka ni za halmashauri, lakini ukuta wa mtaro uliobomoka (wengi hulisahau hili) ni wa meneja wa wakala huo. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza.