Vizibo vya kielektroniki vya masikioni: jibu la mshika fito

Mkuu, umeuliza hiyo laki tano yako uitie kwenye vizibo vya kielektroniki vya kuingiza sikioni au yale makopo ya kufunika masikio, maana leseni unayo na msimu huu unataka kuingia porini. Nakujibu nikiwa mtu ambaye hata bunduki sina. Mimi ni traka, mfuata nyayo za wanyama, mwaka wa kumi na nne huu natoka Sakina, Arusha, kwenda Longido na Simanjiro na wageni, na zile fito tatu anazoegemezea mteja bunduki nazishika mimi.

Hebu ona mshika fito anasimama wapi. Mpigaji yuko nyuma ya mtutu, mimi niko pembeni yake, mbele kidogo. Kuna mgeni alikuja na raifo ya .300 yenye lile dude la matundu linalofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza teke. Teke linapungua kweli, kwa sababu ule mlipuko wa baruti unatupwa pembeni. Na pembeni ndiko nilikokuwa. Akampiga swala twiga, risasi moja tu. Nikamwona PH, yaani mwindaji wa kulipwa anayeongoza wageni, anafungua mdomo kuniambia kitu, neno sikulipata. Jioni kambini sikio la kulia likawa linalia kama nyenje, na nyenje huyo hajanyamaza mpaka leo. Nilikuja kupimwa hospitali ya KCMC: sauti nene nazipata vizuri, zile kali za karibu na hezi 4,000 zimeondoka. Mama watoto akisema "fagia" mimi nasikia "agia". (Yeye anadai najifanya.)

Raifo za kuwindia hutoa kelele ya desibeli 160 na kuendelea. Mpaka unaotajwa kwa mlio wa ghafla ni 140, na sikio likishaharibika kwa namna hiyo halitibiki.

Sasa swali lako. Kwa porini, chukua vya kuingiza sikioni. Makopo ni mazuri kwenye kulenga shabaha, lakini ukivaa kofia pana yanakaa upande, ukiweka shavu kwenye kitako cha bunduki yanagonga na kuachia mwanya, mkono wa miwani nao unapitisha kelele. Na saa saba mchana Longido, nakuhakikishia utayavua. Kinga iliyoning'inia shingoni haikingi kitu.

Ila usinunue kwa kuangalia vitufe na Bluetooth. Kinachokukinga ni ule mpira au sponji inayoziba tundu la sikio. Umeme wake ni wa kukuwezesha kusikia mnong'ono wa PH na jani kavu likivunjika, kisha kuibana sauti ikizidi. Betri ikifa, kizibo kilichokaa vizuri bado kinakinga. Kisipoziba, hata kiwe cha dola mia tano ni pambo. Mimi matundu yangu hayalingani: kulia navaa sponji ya kati, kushoto ndogo. Nilivaa saizi moja pande zote msimu mzima bila kujua.

Jinsi ya kuvaa: ile sponji iviringe kwa vidole mpaka iwe nyembamba, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia kama nusu dakika ivimbe. Halafu simama karibu na Land Cruiser inayonguruma, funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana ulipofunika, ujue hukuziba. Toa, anza upya. Mara nyingi mimi naanza upya mara mbili.

Ile NRR kwenye boksi, yaani desibeli ambazo kinga inapunguza, ni namba ya maabara. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, kwa kelele za kiwandani hutoa 7 kisha inagawa kwa 2, kwa hiyo 25 ya boksi inabaki 9. Bunduki si kiwanda, lakini unaona kwa nini siku ya kuseti shabaha ya bunduki, mteja anapopiga risasi kumi mfululizo, navaa vizibo na makopo juu yake. Usijumlishe namba mbili hizo. Ukivaa vyote unaongeza kama 5 tu juu ya ile kubwa.

Uliza pia sauti ikizidi kinafanya nini. Vingine hukata kabisa, unabaki kiziwi kwa nukta kadhaa. Hizo ndizo nukta unazotaka kusikia nyati amekimbilia upande gani. Tafuta kinachoibana sauti na kuendelea kukusikilizisha. Sauti ya kulia na kushoto ziwe sawasawa, la sivyo tawi likivunjika kushoto utageuka kulia. Upepo wa Agosti utakusumbua, unanguruma kwenye maiki kama lori. Hapo punguza sauti, usivivue.

Betri: vya kuchaji vinatosha kama gari lina chaja. Zile ndogo za saizi 10 ukishabandua stika zinaanza kuisha hata usipovaa, na kurudisha stika hakusaidii. Chukua vyenye kamba ya kupita nyuma ya shingo. Changu kimoja kiko kwenye majani ya Lolkisale mpaka leo. Nta ya sikio isafishe kwa brashi kavu, maji usiguse.

Na kwa yule aliyeshauri hapo juu utumie AirPods Pro: Apple wenyewe wameandika kwamba hazifai kwa milio ya bunduki.

Laki tano ikigoma, nunua sponji za kawaida za kuviringisha pamoja na makopo ya kielektroniki ya bei ya kati, na chenji mnunulie sponji atakayekushikia fito. Halafu tuambie unapigia bega gani. Kama ni la kulia, ukienda kupima masikio mwambie daktari aanze na la kushoto, maana ndilo linaloelekea mtutu. La kulia limejificha nyuma ya kichwa.