Kabla hujachanganya kolini kloraidi na yurea: ushauri kwa anayetaka kusafisha mafuta

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti unapofika, wanafunzi wa kemia huniuliza ni kiyeyushi kipi cha yutektiki (mchanganyiko wa vitu viwili unaoyeyuka kwenye joto dogo kuliko kila kimoja peke yake) kinachoondoa salfa kwenye mafuta kuliko vingine vyote. Mimi huwauliza kwanza ni mafuta gani wanayotaka kuyasafisha, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapokwama, kwa sababu muulizaji ameshasoma makala zenye matokeo ya asilimia tisini na kitu, ameshaagiza kemikali, ila mafuta yenyewe bado hajayapata. Siwalaumu, kwani nami nilianza hivyo hivyo, na zaidi ya mwaka mzima ulipita nikisafisha kwa bidii mafuta ambayo hayamo katika tangi la mtu yeyote.

Kwa asiyeifahamu kemia hii, jambo lenyewe linashangaza kwa urahisi wake. Kolini kloraidi ni chumvi nyeupe inayoyeyuka kwenye nyuzi 302 za Selsiasi, na yurea, ile ile ya mbolea, huyeyuka kwenye nyuzi 133. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walionyesha kwamba moli moja ya kolini kloraidi ikichanganywa na moli mbili za yurea hutoa kimiminika ambacho kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzi 12 tu. Haidrojeni za yurea huishika ioni ya kloraidi, na chumvi ikashindwa kujipanga tena kuwa fuwele. Kimiminika hicho hakitoi mvuke kama petroli, hakishiki moto kwa urahisi, na hakichangamani na dizeli. Ukivitikisa pamoja kisha ukaviacha vitulie, dizeli hupanda juu na kiyeyushi, kwa kuwa ni kizito zaidi, hukaa chini kikiwa kimebeba sehemu ya uchafu.

Linganisha na kazi ya kiwanda cha kusafisha mafuta, ambacho huondoa salfa kwa kuyapitisha mafuta pamoja na haidrojeni juu ya kichocheo cha kobalti na molibdenamu, katika joto la nyuzi 300 hadi 400 na kwa mgandamizo mkubwa. Njia hiyo ni madhubuti, lakini kuna molekuli zinazoisumbua, hasa zile za familia ya dibenzothiofini, moja ya misombo ya salfa iitwayo thiofini, zenye vikundi viwili vya methili vilivyoikinga atomu ya salfa pande zote mbili, hata kichocheo kinashindwa kuifikia. Ndiyo sababu watafiti wengi duniani wameelekeza macho kwenye viyeyushi hivi.

Hapa kwetu, hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli kuhusu mahitaji yetu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kwa hiyo dizeli ya vituo vyetu huingia bandarini ikiwa imeshasafishwa ng'ambo. Mafuta yanayohitaji msaada wa maabara zetu ni mengine: yale yanayotokana na kuoka matairi chakavu bila hewa, ambayo salfa yake huweza kukaribia asilimia moja, yaani sehemu 10,000 kwa milioni, pamoja na baiodizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika. Chagua moja kati ya hayo, lijue vizuri, ndipo urudi kwenye kiyeyushi.

Nije kwenye maandalizi, kwani hapa nilipoteza miezi. Nilipoambiwa kwamba kolini kloraidi ni kirutubisho cha kuku, nilikwenda moja kwa moja duka la vyakula vya mifugo, nikanunua mfuko, nikapima gramu 139.6 kwa gramu 120.1 za yurea kama hesabu ya moli inavyotaka, nikaweka juu ya kikorogeo chenye joto. Badala ya kimiminika cheupe kama maji nilipata uji wa kahawia wenye chembe zinazoelea. Nilikuwa sijasoma maandishi madogo yaliyochapwa mgongoni mwa mfuko: bidhaa ile ilikuwa na asilimia 60 tu ya kolini kloraidi, na iliyobaki ilikuwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa ili kuibeba. Kama bajeti yako haikuruhusu kununua iliyo safi, unaweza kuiokoa hiyo ya dukani kwa kuikoroga katika ethanoli yenye joto, kwa kuwa kolini kloraidi huyeyuka humo na magunzi hayayeyuki. Uichuje, uikaushe ethanoli, kisha uihifadhi chumvi yako kwenye ombwe kwa usiku kucha. Ipo pia ya maji, ambayo karibu robo yake ni maji matupu, hiyo iache.

Adui mkubwa katika mwambao huu ni unyevu wa hewa. Nimewahi kuiacha kolini kloraidi juu ya karatasi ya mizani nikageuka kuandika lebo, na niliporudi fuwele zilikuwa zimeanza kung'aa na kushikana kama sukari iliyomwagiwa chai. Maji hayo huingia kwenye mchanganyiko bila kukuaga. Tena hudanganya, maana kiyeyushi cha kolini kloraidi na yurea kikiwa kikavu kina mnato mzito, zaidi ya ule wa maji mara mia kadhaa katika joto la kawaida, lakini kikipata maji huwa chepesi, hutiririka vizuri, na mtu hufurahi akidhani amefaulu. Kausha chumvi, ipime ikiwa bado ndani ya chupa yenye kifuniko, na kama maabara yako ina kipimo cha maji kwa njia ya Karl Fischer, andika kiwango cha maji kwenye kila chupa unayoitengeneza. Joto la kuchanganyia lisipite nyuzi 80. Ukisikia harufu ya amonia, ujue yurea imeanza kuvunjika na chupa hiyo haifai tena kwa vipimo.

Baada ya hayo yote nilikuja kugundua kwamba kiyeyushi hicho mashuhuri kina uwezo mdogo sana wa kuvuta salfa. Kinapenda vitu vyenye polari nyingi, yaani vyenye ncha za chaji kama maji, na thiofini hazina sifa hiyo. Wanaopata matokeo mazuri kwa kuvuta peke yake hutumia chumvi zenye mikono mirefu zaidi, kwa mfano tetrabutilamonia kloraidi pamoja na poliethilini glaikoli. Nilipobadilisha, mafuta yangu ya kuigiza, ambayo yalikuwa dodekani safi niliyoyeyusha ndani yake dibenzothiofini, yalipoteza sehemu kubwa ya salfa kwa mvuto mmoja, na nikaandika ripoti yenye furaha nyingi.

Kisha nikaletewa chupa ya mafuta ya matairi. Yalikuwa meusi, yakinuka mpira ulioungua, na nilipoyatikisa na kiyeyushi kwenye faneli ya kutenganisha, tabaka la chini lilipata rangi ya kahawa nzito kabla hata sijaiweka faneli kwenye stendi yake. Mpaka kati ya tabaka mbili haukuonekana mpaka nilipomulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nilipolipima, tabaka la chini lilikuwa limeongezeka uzito, la juu limepungua, na salfa ilikuwa imeshuka kidogo mno. Kilichotokea kinaeleweka: mafuta hayo yamejaa aromatiki (misombo yenye pete za kaboni kama benzini) na misombo ya naitrojeni kama piridini, kwinolini, indoli na kabazoli, ambayo hushikana na kiyeyushi kwa urahisi kuliko thiofini, kwa hiyo kiyeyushi kilishiba kabla zamu ya salfa haijafika.

Ushauri wangu unaotokana na chupa ile ni kwamba pima uzito wa tabaka zote mbili kabla na baada, kila mara, hata kama msimamizi wako hajakuomba. Ukiripoti kwamba umeondoa nusu ya salfa na ukanyamaza kwamba theluthi ya mafuta imeondoka nayo, umemficha msomaji jambo ambalo mwenye karakana angelitaka kulijua kwanza. Na usione kuondolewa kwa naitrojeni kuwa kushindwa. Misombo hiyo ndiyo inayolemaza vichocheo vya viwandani, na kuitoa mapema kwa kiyeyushi kisichohitaji joto kubwa ni mada inayostahili tasnifu yake yenyewe.

Kwa salfa ngumu kuna njia ya kuoksidisha kwanza. Haidrojeni peroksidi, ikisaidiwa na asidi ambayo inaweza kuwa sehemu ya kiyeyushi chenyewe, kama asidi ya paratoluini salfoniki, huigeuza dibenzothiofini kuwa salfoni, yaani huitia oksijeni kwenye salfa yake, na salfoni, kwa kuwa ina polari, huhamia chini kwa hiari. Hesabu inataka moli mbili za peroksidi kwa kila atomu ya salfa, lakini mafuta ya matairi yana viungo maradufu vingi vya kaboni vinavyokula peroksidi kabla salfa haijaipata, kwa hiyo matumizi hupanda na bei nayo. Usifunge chupa kabisa wakati wa kupasha joto, maana peroksidi ikivunjika hutoa oksijeni, na oksijeni iliyobanwa juu ya mafuta ya moto ni hatari ambayo hakuna tasnifu inayostahili kulipiwa kwayo.

Mahali ambapo viyeyushi hivi vimenipa matumaini ya kweli ni kwenye baiodizeli. Anayetengeneza baiodizeli kwa mafuta ya wauza chipsi anajua taabu ya kuiosha kwa maji: sabuni hutengeneza povu zito jeupe ambalo haliachani, maji machafu yanajaa ndoo baada ya ndoo, na bado kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka gliseroli huru (ile inayozalishwa pamoja na baiodizeli ikabaki ndani yake) isizidi asilimia 0.02 kwa uzani. Mwaka 2007 kundi lile la Leicester lilionyesha kwamba chumvi kama kolini kloraidi iliyochanganywa na gliseroli kwa uwiano wa moja kwa moja bado ina njaa ya gliseroli zaidi, hivyo huivuta iliyobaki ndani ya baiodizeli, na watafiti wa Malaysia wakafuata kwa mafuta ya mawese. Kwa gramu 139.6 za chumvi unahitaji gramu 92.1 tu za gliseroli, ambayo mtengenezaji wa baiodizeli anayo tayari kama mabaki. Ondoa methanoli kwanza, acha gliseroli ya awali itulie na uimwage, ndipo uingize kiyeyushi. Hapa uchafu wenyewe una polari, unataka kuondoka, na kiyeyushi kimeumbwa kwa ajili yake. Tofauti na mapambano ya salfa, unaiona kazi ikifanyika mbele ya macho yako, baiodizeli ikitakata mpaka usome gazeti kupitia chupa.

Usiishie hapo ukashangilia. Kloraidi ikibaki kwenye mafuta itakula chuma cha injini, kwa hiyo tikisa sampuli yako na maji yaliyokenekwa, uchukue maji hayo, uyatie asidi ya naitriki kidogo na matone machache ya nitrati ya fedha. Wingu jeupe likitokea, kiyeyushi bado kimo. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na kinafanyika ndani ya dakika tano, nami sielewi kwa nini kinaachwa katika ripoti nyingi ninazopitia.

Kisha fikiria chupa ya kiyeyushi kilichotumika. Uchafu haukuteketea, umehama tu, na ulikohamia ni mikononi mwako. Kilichobeba salfoni unaweza kukiongezea maji ili salfoni ianguke kama unga, ukaichuja, kisha ukakitoa maji kiyeyushi kwa ombwe, lakini nishati ya kukausha maji hayo iingize kwenye hesabu. Kilichoshiba gliseroli kinaweza kurudisha sehemu ya kolini kloraidi kikitiwa butanoli, sehemu tu, si yote. Tumia kiyeyushi kile kile mara tano mfululizo na uandike uwezo wake wa kila zamu, rangi yake na uzito wake, kisha uhesabu umebakiwa na lita ngapi za mabaki kwa kila lita mia ya mafuta safi. Mabaki hayo yasimwagwe kwenye sinki. Yaweke katika dumu lenye lebo ya tarehe na aina ya chumvi, na kabla ya jaribio la kwanza hakikisha umekubaliana kwa maandishi na fundi wa maabara dumu hilo litachukuliwa na nani.