Kabula alilia mpaka lini?

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa na baba yako, naye akajifanya anasoma gazeti. Unasema hii ni wiki yako ya sita Salima, kituo cha afya ni kizuri, Wamalawi ni wapole kupita kiasi, wanakupa kiti kila unapofika, na kila jioni unajifungia bafuni kulia. Halafu unaniuliza: yule Kabula wetu alilia mpaka lini? Na alisaidia chochote kweli, au tulikuwa tunamstahi tu? Nimeona nikuandikie, maana nikirekodi sauti nitaanza kukuchekesha kabla sijakujibu.

Alilia miezi minne. Sikupunguzii hata wiki.

Alikuja Novemba 1995, vuli imeshika, ndiyo maana bibi yako akampa jina la Kabula, la mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Wewe ulikuwa na miaka minne. Shirika lililomleta kutoka Marekani lilikuwa linatafuta familia ya kumpokea karibu na shule aliyopangiwa kufundisha hisabati, na sisi pale Kirumba, Mwanza, tulikuwa na chumba cha uani. Tukakipaka chokaa. Tukamnunulia sahani yake, kikombe chake na uma. Asubuhi yeye mayai mawili, ninyi uji. Akiinuka kuosha kikombe, binamu yako anamnyang'anya. Akitaka kwenda sokoni, tunamtafutia wa kumsindikiza. Nilijiona mwanamke mwenye adabu, na mtaa mzima ulinisifu.

Usiku alipiga kelele usingizini. Bibi yako alitaka aitwe shehe, na asipoweza shehe basi padri. Kumbe ni vidonge vyake vya kujikinga na malaria, meflokwini, alivyomeza kimoja kila Jumapili. Dawa ile inajulikana kwa kuleta ndoto mbaya. (Wewe humezi hiyo, kwa hiyo ndoto zako utanisimulia vizuri siku nyingine.) Mchana hofu yake ilikuwa kichocho. Walimwonya asitie hata unyayo kwenye maji ya ufukweni, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi. Basi akaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika akiogea ndoo. Ninyi watoto mkakata shauri kwamba anaogopa mamba. Na kwao Minnesota ni kwenye maziwa hasa! Alikusimulia kwamba wakati wa baridi ziwa linaganda mpaka watu wanaendesha magari juu yake, ukaja jikoni kuninong'oneza: "Mama, Kabula anadanganya." Nilikuwa upande wako.

Chakula alikizoea upesi, hata michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Kilichomtesa ni lugha. Kiswahili alikuwa amekisoma darasani, tena cha sarufi nzuri kuliko yangu. Siku moja akajikwaa pale kizingitini, nikamwambia pole, akanikodolea macho: "Kwani wewe umefanya nini?" Kwenda shuleni ni mwendo wa dakika 15, naye alikuwa anachelewa kwa salamu. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, haya unakwenda wapi? Hiyo ya mwisho ilimkera sana, akadhani mtaa unampeleleza. Wazee wakimtupia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, yeye anajibu "nzuri", watu hoi kwa kicheko. Kicheko kile alikichukia mpaka akaacha kusema. Kosa ninaloweza kumhesabia yeye mwenyewe ni hilo tu, nawe umekwisha kulianza: umesema siku hizi unanunua hata nyanya kwa Kiingereza, kwa sababu ukijibu salamu yao ya "muli bwanji" wanacheka.

Sasa nikupe habari ya Igombe, ambayo hukuwepo.

Machi 1996 nilikuwa na mzigo wa dagaa kule. Unajua dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa karabai. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Giza la mwezi ule lilikuwa la neema, nami nikanunua madebe mengi kuliko mfuko wangu, mengine kwa mkopo. Tulikuwa tunaanika chini, kwenye mchanga na mawe, chanja hatuna. Ilikuwa Jumamosi, Kabula akaomba twende wote. Nikamwekea kigoda chini ya mti, na soda.

Saa nane mchana wingu likainuka upande wa ziwa, jeusi tii. Dagaa wakilowa wakiwa nusu wakavu, biashara imekwisha. Unawauza kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa. Kila mwanamke akaruka. Nilikuwa nafagia kama mwendawazimu, nageuka namwona binti wa watu amesimama na chupa yake mkononi. Maneno yakanitoka kabla sijayachuja: "We mtoto, umesimama kama mlingoti! Shika turubai!"

Tangu atue Mwanza hakuna aliyewahi kumfokea. Chupa akaitupa, turubai akalishika, upepo ukamburuza kwa magoti. Akazoa dagaa kwa viganja, na mchanga wake humohumo, akajaza kanga, akamwaga, akarudi. Tuliokoa kama nusu. Tukajibanza wanawake saba chini ya lile turubai, tunanuka, magoti yake yamechubuka, na mwenzangu mmoja wala hakumtazama usoni, akamwambia: hebu nipe huo ufagio. Akampa. Akarudi kukaa katikati yetu. Tukiwa juu ya lori kurudi mjini akaniuliza mlingoti ni nini.

Jioni ile sahani yake aliirudisha kabatini, akanawa, akakaa kwenye sinia letu. Sikumzuia. Nilikuwa nimechoka mno kuwa na adabu.

Ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nimeisikia tangu niko mgongoni. Sisi jembe tulimnyima miezi minne, tukauita ukarimu. Nusu ya machozi yake tuliyasababisha sisi, kwa mayai yetu na kigoda chetu.

Usidhani kesho yake aliamka mwenyeji. Alilia tena Pasaka, akalia barua ya kwao ilipochelewa. Lakini alilia jikoni, mbele yangu, kisu cha vitunguu mkononi. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ikazama, imekaribia kabisa kuingia Mwanza, na jirani yetu wa nyumba ya tatu akampoteza dada yake. Kabula hakuwa na la kusema kwa lugha yoyote. Alikaa msibani siku tatu, kwenye mkeka, akisugua masufuria. Hakuna aliyemletea kiti.

Kuhusu kusaidia: baba yako, ambaye hakuwa anasoma gazeti, anasema nikukumbushe kwamba Wamarekani wa kwanza wa kujitolea walifika Tanganyika mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru, nao walikuwa wapimaji na wahandisi wa barabara. Barabara unaweza kuionyesha kwa kidole. Kabula alituachia jiko la jua, sanduku lenye karatasi ya kung'aa na kioo juu. Wali liliivisha, polepole. Lakini ugali lazima usongwe, na ukifunua kile kioo joto lote linatoka, kwa hiyo likawa nyumba ya vifaranga. Mtoto wa fundi saa anasema bila Kabula angeikimbia aljebra. Hayo mawili ndiyo niliyonayo, na sikumstahi hata siku moja kuanzia Machi ile. Muulize binamu yako alivyokuwa anatumwa mkaa.

Sasa mimi nina shida na wewe. Hapo Salima wapo akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa lao. Nataka kutengeneza chanja mpya Igombe kabla ya vuli, na hizi za hapa zinashika maji chini. Nitazamie wao wanatumia wavu gani, wamezinyanyua kiasi gani kutoka ardhini, na wingu likitokea ghafla wanafunika na nini. Usimtume mtu, na usiulize kwa Kiingereza. Wakicheka, wewe uliza tena. Majibu nayataka kabla ya Jumapili, fundi anangoja vipimo.

Mama yako,
Kirumba