Chungwa mbili, nyeupe nne

SWALI: Ofisini tuna kompyuta za Dell OptiPlex 3050 tulizonunua mtumba. Moja haionyeshi kitu. Taa ya kitufe cha kuwashia inapepesa rangi ya chungwa mara 2, kisha nyeupe mara 4. Fundi alitafuta mtandaoni akasema ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Tumebadilisha mara mbili, hali ni ileile, na sasa anataka kubadili madabodi, yaani bodi kuu. Maana ya taa hizi inapatikana wapi?

JIBU: Msimamishe kwanza. Pesa ya RAM imeliwa na jedwali la mashine nyingine. Kwenye laptopu nyingi za Dell Latitude za miaka ya karibuni, 2 na 4 ni RAM mbovu. Kwenye OptiPlex 3050, 2 na 4 ni betri ya CR2032, ile ya duara iliyopachikwa kwenye madabodi kutunza saa na mipangilio ya BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa. Chomoa waya wa umeme, itoe, ipime kwa mita. Nzima husoma karibu volti 3. Weka mpya ndipo uwashe.

Hili nakutana nalo kila mara: mtu anadhani "kodi za Dell", yaani hesabu za kupepesa kwa taa, ni lugha moja. Kampuni moja, rangi zilezile, maana mbalimbali. Kisha kuna picha za majedwali zinazozunguka kwenye WhatsApp, zimekatwa juu, jina la modeli halipo. Picha ya namna hiyo ifute.

Ingia tovuti ya msaada ya Dell, andika Service Tag (herufi na tarakimu 7 kwenye gamba), fungua sehemu ya miongozo, chukua kitabu cha modeli hiyo na usome sura ya utatuzi wa matatizo. Ni bure. Kwa mtumba kuna mtego: gamba la mashine moja huvalishwa madabodi ya nyingine. Kompyuta ikishawaka, bonyeza F2 uone kama tag iliyomo kwenye BIOS inafanana na ya nje.

HP za ofisini hupepesa nyekundu na nyeupe, na nyekundu hutaja kundi la tatizo: 2 ni BIOS, 4 ni joto. Lenovo ThinkPad zina kitabu chao cha matengenezo, nacho kiko wazi kwa yeyote.

Hata ukiwa na kitabu sahihi, usisome kodi kama orodha ya manunuzi. Kwenye OptiPlex yako hiyohiyo, 2 na 3 inataja madabodi, RAM au prosesa. Vitu vitatu kwa kodi moja! Kodi inasema ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia ikiwashwa ulikwama wapi; kilichoukwamisha unakitafuta wewe, kwa kuchomoa kimoja kimoja na kubadilishana na mashine nzima. Ofisi yako ina kadhaa za aina moja, kwa hiyo jaribio hilo halitakugharimu hata senti.

Wapo wasiotaka usumbufu huo. Taa ikipepesa tu, madabodi inapigwa blowa, mashine ya hewa moto. Wakati mwingine inafufuka wiki mbili, mteja anashukuru, kisha inakufa moja kwa moja, na safari hii hakuna hata taa ya kuhesabu. Fundi akikutajia madabodi, mwambie akufungulie ukurasa wa kitabu cha modeli yako. Akikuonyesha picha ya WhatsApp, chukua kompyuta yako uondoke.